Mdogo wangu alisoma "baba" akasema "bia"

Hii posti nimeikwepa tangu mwaka jana. Nimeiandika mara tatu, nikaifuta mara tatu. Wale mmenifuata siku nyingi mnaikumbuka ile video. Kama huikumbuki, tuko sawa, na naomba usiitafute.

Iko hivi. Nina mdogo wangu, nitamwita Jobe, si jina lake. Video ilikuwa ya sekunde 19. Jobe amekaa kwenye kiti cha plastiki pale kwetu Kayole, ameshika kitabu cha Kiswahili cha gredi ya kwanza, na yeye wakati huo yuko gredi ya tatu. Sauti yangu inamuuliza, hapa pameandikwa nini? Anaweka kidole juu ya neno. Anakunja uso, midomo inacheza cheza, halafu anasema kwa nguvu kabisa, kama mtu aliyepata jibu: "Bia. Bia."

Neno lilikuwa baba.

Nilicheka mpaka simu ikatingika, unaweza kuona kwenye video yenyewe. Nikabandika emoji za chupa, nikaweka muziki, nikaituma. Saa nne usiku ilikuwa imetazamwa mara 40,000. Sijawahi kufikisha hapo, kabla wala baada. Komenti zilikuwa moto. Huyu ameanza mapema. Huyu alizaliwa kaunta. Nilijibu karibu zote, na nilijibu kwa furaha, wacha niseme ukweli.

Jumatatu Jobe aliambia Mathe tumbo linauma. Jumanne tumbo. Jumatano ndio tukajua kwamba shuleni anaitwa Bia, na si darasani kwao tu, hata wale wakubwa wa juu wanamuita hivyo kwenye foleni ya uji. Niliifuta Alhamisi. Lakini watu walikuwa wameshaichukua, na kuna siku niliikuta kwa ukurasa mwingine kabisa, sauti yangu imetolewa, ikawekwa ya mtu mwingine akicheka.

Siandiki hii ili mniambie "usijali bro". Naandika kwa sababu wiki mbili baadaye nilikuja kuelewa kwa nini alisema bia, na hicho kitu kinahusu watoto wengi kuliko Jobe.

Turudi nyuma kidogo.

Jobe alichelewa kuongea. Miaka mitatu ndio alianza kuunga maneno mawili. Shosh alisema wavulana wa kwetu huchelewa, hata mimi eti nilichelewa, jambo ambalo Mathe anakataa mpaka leo. Akaanza shule. Kwa CBC hawaandiki namba kama zetu, kuna viwango, na ripoti yake kila muhula ilirudi na kile cha chini kabisa kwenye kusoma, Kiswahili na Kiingereza. Kwenye hesabu alikuwa sawa tu, ilimradi swali halijaandikwa kwa maneno. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa anamfinya. Viboko vilipigwa marufuku Kenya mwaka wa 2001, mimi nimezaliwa baada ya hapo na bado nilivila, kwa hivyo hata sikushangaa. Nilidhani ni uvivu. Mimi ndiye nilikuwa namfanyia homuweki ili tulale mapema.

Ni mwalimu mkuu aliyetutuma EARC. Sijui wangapi kati yenu mnajua hicho kitu. Niliuliza mabeshte zangu, hakuna hata mmoja aliyekuwa amekisikia. Ni vituo vya serikali vya kupima watoto wanaotatizika shuleni, vipo tangu 1984. Unaenda na mtoto, wanaangalia anasikiaje, anaonaje, anasoma vipi, wanamuuliza mzazi maswali mpaka ya wakati wa mimba. Mathe alitoka pale amelia, lakini kilio cha kupumua, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa serikali alimwambia mtoto wako si mjinga. Anatatizika na kusoma, dalili zake zinafanana na disleksia, na pia ana shida ya kushika mpangilio wa sauti ndani ya neno.

Ile karatasi waliyotupa ilikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza, awe anafanya masomo ya kusoma kwenye darasa la mahitaji maalum. La pili, aone mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Basi tukafanya yote mawili. Tulikuwa na bahati, shule yake ina darasa hilo, sisi huliita yuniti, na mwalimu wake alisomea KISE, ile taasisi ya Kasarani ambayo imekuwa ikifunza walimu wa elimu maalum tangu 1986. Kwa upande wa tiba, hospitali ya umma tuliyoenda ilitupa tarehe ya miezi minne mbele. Mathe akauliza huku na kule, akapata kliniki ya watu binafsi ng'ambo ya tao. Shilingi 2,500 kwa kipindi cha dakika 45.

Mathe huuza mitumba Gikomba. Jumamosi ndio siku yake, ndio siku watu wana pesa. Kwa hivyo wa kumpeleka Jobe kliniki akawa mimi. Mat moja mpaka tao, tunatembea, mat ya pili, tunafika saa tisa mchana. Nangoja nje na simu. Tunarudi. Wiki 12 tulifanya hivyo na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuuliza yuniti wanafunza nini na kliniki wanafunza nini. Tulijua anasaidiwa mahali pawili. Tulihesabu kama ni msaada mara mbili.

Jumamosi baada ya video nilimpeleka kama kawaida, nikiomba Madam awe hajaona. Alikuwa ameona. Mtu alimtumia kwa WhatsApp kama kichekesho tu, hajui kwamba yeye anamjua huyo mtoto. Nilijua atanichamba. Alinitazama kidogo, muda mrefu kuliko nilivyopenda, akamwambia Jobe achague mchezo kwenye rafu, akaniita pembeni.

"Daftari lake la shule liko wapi?"

Nikamwambia liko nyumbani, naweza kumwambia Mathe apige picha.

"Sitaki picha. Niletee lenyewe."

Wiki iliyofuata nikalileta. Akalifungua, akapindua kurasa pole pole. Mistari na mistari ya ba be bi bo bu, da de di do du. Akaniuliza mwalimu huwafunza vipi hizi. Mimi nitajua wapi? Jobe ndiye alijibu. Alikuwa hajaniongelesha siku kumi, hata "nipitishie chumvi" hakuwa anasema, lakini Madam alipouliza akasimama akaimba: "Bii a, ba! Bii e, be! Bii i, bi!" Na mguu chini, kama vile huimbwa. Najua wengi wenu mmesoma hiyo sentensi kwa wimbo, kwa sababu mliimba pia. Mimi niliimba.

Madam akaweka kalamu chini. Akatoa kikaratasi, akaandika kitu, akakikunja akanipa nishike bila kufungua. Kisha akaandika neno mama kwenye karatasi kubwa, akaliweka mbele ya Jobe.

Jobe akaweka kidole. "Em... a. Ema. Ema ema."

Nikafungua kikaratasi. Kilikuwa kimeandikwa: atasema ema.

Akamwandikia dada. "Dia dia."

Mnaona? Shuleni, ile herufi ya kwanza ya baba inaitwa bii. Wanaimba bii, wanaimba a, halafu wanaambiwa jibu ni ba. Mtoto mwingi hashughuliki kwa nini ni ba, anashika tu wimbo, na baada ya muda kichwa kinajipanga chenyewe. Jobe kichwa chake hakijipangi hivyo. Yeye anahitaji kujua kanuni. Na kliniki walikuwa wamempa kanuni: usikariri neno, chukua kila sauti, zisukume pamoja taratibu mpaka zishikane. Walikuwa wamefanya hiyo kazi wiki 12, na alikuwa ameishika vizuri sana. Sasa mpe neno baba. Anachukua bii aliyofunzwa Jumatatu, anachukua a, anazisukuma pamoja kama alivyofunzwa Jumamosi. Bii-a. Bia.

Alikuwa amefanya kila kitu alichoambiwa na watu wazima. Ile sura aliyotoa kwenye video, ile ya mtu aliyepata jibu, ni kwa sababu alikuwa amepata jibu. Kila nikikumbuka nilivyocheka, natamani ardhi inimeze.

Madam hakunipiga kombora. Alisema kitu ambacho sikutarajia mtu wa 2,500 kwa kipindi aseme. "Nimekaa naye miezi mitatu na sikuwahi kuomba kuona daftari. Hii ni yangu."

Akataka kuzungumza na mwalimu wa yuniti. Lakini kwanza Mathe alipaswa kuweka sahihi kwamba anakubali, na kuchagua ni nini kiende shuleni na nini kisiende. Hiyo sikuwa naijua. Kuna mambo ya Jobe ambayo kliniki inajua na Mathe hakutaka yafike shuleni, na hata hapa siyaandiki. Nimeshaandika ya kutosha kumhusu bila kumuuliza.

Mwalimu hakufurahi. Wacha nisiseme uongo hapa ili hadithi iwe tamu. Tulimkuta baada ya masomo, mimi na Mathe, anakusanya viti. Akasikiliza, akasema, "Kwa hivyo sasa kliniki ndio watanifunza kazi?" Akatuambia ana watoto 14 mle ndani. Kuna asiyesikia vizuri, kuna anayekimbilia geti mlango ukiachwa wazi, kuna wawili wanaohitaji kupelekwa msalani, na msaidizi huja siku akija. "Huyo wenu ana mtoto mmoja, mlango umefungwa, chini kuna zulia." Na kusema kweli, zulia lipo. La bluu.

Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu, Mathe akanifinya paja. Akamwambia, "Mwalimu, hatukuja kukusahihisha. Wewe unamwona siku tano. Huyo anamwona dakika arobaini na tano. Tumekuja kukuuliza unamwonaje."

Nadhani hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo swali. Aliweka kiti chini, akakikalia, na tulikaa pale mpaka askari wa shule akaja na funguo. Mwalimu alijua kwamba Jobe husoma kabla ya uji wa saa nne, na baada ya hapo huwezi kupata kitu. Alijua kwamba b na d zinamchanganya kwenye karatasi lakini akizichora mchangani nje hazimchanganyi. Kwamba siku akiitwa kusoma mbele ya wenzake, siku hiyo lazima apigane na mtu. Kwamba anahesabu chenji haraka kuliko watoto wa gredi ya tano, na kwa hivyo yeye humtuma dukani kila Ijumaa makusudi ili wenzake wamwone akirudi na hesabu sawa.

Hakuna hata kimoja cha hivyo kliniki ilikuwa inajua. Madam alikuwa anampata mtoto saa tisa mchana, amepanda mat mbili, ana njaa, na alikuwa ameandika kwenye faili kwamba umakini wake ni mdogo. Umakini gani, saa tisa?

Walipigiana simu jioni moja, kwa simu yangu, sauti nje. Dakika 25. Nilisikia watu wawili waliosomea kazi wakibishana, na ilikuwa poa kuliko podikasti nyingi. Madam alikuwa anamfunza kwa maneno ya Kiingereza, kwa sababu kadi zake zote ni za Kiingereza na vifaa vingi vya hiyo kazi huletwa hivyo. Mwalimu akamwambia, pole Madam, lakini hapo ndipo unamuumiza. Kiswahili a ni a. Popote ukiikuta, ni a. Kiingereza hiyo a iko kwa cat, iko kwa cake, iko kwa ball, na kila mahali ni kitu kingine. Mtoto ambaye shida yake ni kuunganisha herufi na sauti, mbona umuanzishie pale ambapo herufi moja ina sauti nne? Kimya kidogo. Madam akasema, "Uko sawa." Halafu naye akamwambia kuhusu bii. Kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Mwalimu akasema ule wimbo ameufunza miaka kumi na moja.

Walikubaliana hivi. Mwalimu akaacha majina ya herufi kwa muda, akaanza kutumia sauti zenyewe, na hakufanya kwa Jobe peke yake, alifanya yuniti nzima. Madam akaweka kadi za Kiingereza kabatini mpaka silabi za Kiswahili zishike. Kipindi kikahamishwa Jumamosi asubuhi, saa tatu. Na mimi nikanunua daftari.

Hilo daftari ni la kawaida, la duka la kona. Nilichora safu tatu kwa rula: shule, kliniki, nyumbani. Kila mtu mstari mmoja, haraka, hakuna barua rasmi. Jobe analibeba kwenye mkoba. Nikifungua kurasa za mwanzo nakuta vitu kama hivi. Shule: m, b, t ameshika, n bado, Jumatano kelele nyingi alikataa. Kliniki: n tumeichora kwa unga kwenye sinia, msimwite kusoma mbele ya watu wiki hii. Nyumbani: dakika 10, kwa kibanda alisoma "nanasi" bila kuulizwa.

Ile ya nanasi niliandika mimi. Mkono ulikuwa unatetemeka, na mama mboga alidhani nalia kwa sababu ya bei.

Sasa nije kwa maoni yangu, kwa sababu hamkuja hapa kusoma shajara.

Kuna watu, hasa wale wa mitaa yenye geti, ukiwaambia mtoto anatatizika shuleni jibu lao ni moja: mpeleke therapi. Kama ni duka. Na kuna wengine, wengi wao ni watu wa mtaa wangu, wanaosema hizo ni mambo ya wazungu, mwalimu analipwa, afanye kazi yake. Nimewasikiliza wote, na naona wote wanakosea mahali pamoja. Kila mmoja anadhani mtoto ni wa mtu mmoja. Dakika 45 kwa wiki haziwezi kushindana na siku tano. Mtoto akifunzwa kitu kliniki na Jumatatu akute hakipo darasani, hakishiki. Lakini pia mwalimu mwenye watoto 14 hawezi kukaa na mmoja saa nzima kutafuta ni wapi sauti inapotelea. Hiyo ni kazi ya huyo mwingine. Ukiwaweka kando kando bila kuongea, mtoto ndiye anabaki kuwaunganisha, na anawaunganisha na akili ya miaka tisa, anatoa bia.

Na kabla hujasema hii ni ya watu wenye pesa, sikiza hesabu. Mwanzoni tulikuwa tunalipa vipindi vinne kwa mwezi, shilingi 10,000, na hapo sijaweka nauli. Kuna mwezi ada ya chuo yangu ilibaki nyuma na nikaandikiwa barua. Baada ya miezi miwili ya daftari, Madam mwenyewe alisema tupunguze, tuwe tunakuja kila baada ya wiki mbili, kwa sababu nusu ya kazi sasa inafanyika yuniti, asubuhi, kabla ya uji, bila malipo. 5,000. Alijikatia pesa yake mwenyewe. Kwa hivyo wakati mtu ananiambia kuunganisha hivi vitu ni anasa, namuuliza, unajua bei ya kutoviunganisha?

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna aliyepaswa kufanya hivyo. Katiba, kifungu cha 54, inasema vizuri kuhusu elimu ya watu wenye ulemavu. Wizara ina sera ya mwaka 2018 ya wanafunzi wa aina hii, ni nzuri, nimeisoma, inataka watoto wasome pamoja na wenzao na wasaidiwe. Lakini pale chini, Kayole, saa kumi jioni, simu iliyopigwa ilikuwa na bando langu. Mwalimu aliongea na Madam katika muda wake wa kwenda nyumbani. Madam hakutoza zile dakika 25. Mathe akapoteza nusu ya siku ya soko. Kila kitu kilisimama juu ya hisani ya watu wanne. Mimi ningetaka kitu kidogo sana: ile karatasi ya EARC, inapoandika mapendekezo mawili, iwe na mstari wa tatu unaosema nani atampigia nani, lini. Na mwalimu wa yuniti apewe hata saa moja kwa wiki isiyo na watoto, ya kupiga hizo simu. Saa moja, jamani.

Tumeonja ikivunjika pia. Muhula wa kwanza mwaka huu mwalimu alihamishwa. Hakuna aliyetuambia, Jobe alirudi tu na habari kwamba kuna mwingine. Wiki nne safu ya shule ilikaa tupu. Wiki ya tano Mathe alienda na daftari lenyewe mkononi, hakueleza kitu, alimpa mwalimu mpya akasema, soma ukipata nafasi. Huyu mpya ni msichana, hajatuzidi umri sana sisi, na alilipeleka nyumbani wikendi nzima. Jumatatu safu ya shule ilikuwa na mstari.

Jobe sasa yuko gredi ya nne. Anasoma polepole. Neno la silabi tatu analipata, la nne anapumzika katikati. Kiingereza wameanza kukigusa muhula huu na ni vita. Mtihani wa KPSEA uko gredi ya sita na sijui atakuwa wapi kufikia hapo. Madam anasema tutunze zile ripoti zote, zitahitajika tukiomba aongezewe muda. Kuna watoto bado wanamuita Bia. Juzi nilimsikia mmoja pale stage, na Jobe hakupigana, alipita tu. Sijui kama hiyo ni nafuu.

Aliniruhusu niandike hii. Nilimsomea yote, na akanitolea sentensi mbili ambazo zilikuwa hapo juu, sasa hazipo. Aliuliza kama nitaweka picha. Nikasema hapana.

Jambo moja limetokea mwezi huu. Nilifungua daftari niandike ya nyumbani, nikakuta mtu amechora mstari mwingine bila rula, umepinda kama barabara ya kwetu, na safu ya nne imetokea pembeni. Juu imeandikwa MIMI. Chini yake: "dalasa kelele sioni ubao". Siku iliyofuata kwenye safu ya shule, kwa kalamu nyekundu: nimemhamisha mbele, dirishani. Na kliniki wakaandika kwamba wataomba apimwe macho tena.

Tangu hapo anaandika karibu kila siku. Mwalimu anasoma, Madam anasoma, Mathe anasomewa na Jobe mwenyewe jioni akirudi kutoka Gikomba. Mimi nikikaribia na kalamu yangu, anafungua ukurasa, anaweka kiganja juu ya safu yake mpaka nimalize kuandika yangu.